Namna ya Kumpima Mwakilishi Ambaye Macho Yake Yako Ng'ambo

Mwongozo huu ni kwa wapigakura wa Unguja na Pemba ambao mtu waliyemchagua, au anayewaomba wamchague, ana nafasi nyengine anayoitafuta mbali na jimbo lao. Huenda anataka kiti katika Bunge la Afrika Mashariki lililoko Arusha, au ubalozi, au cheo katika taasisi ya kimataifa. Huenda pia tayari ni diwani katika mji mmoja wa Uingereza, na kila likizo anarejea nyumbani kutayarisha njia ya kugombea huku. Kutamani hivyo si kosa. Mzee wetu Salim Ahmed Salim aliongoza Umoja wa Nchi Huru za Afrika tangu mwaka 1989 hadi 2001, na hakuna Mzanzibari aliyepungukiwa kwa hilo. Tatizo huja pale mtu anapokifanya kiti cha wananchi kuwa kituo cha kusubiria safari, na wenye kiti hawakuambiwa.

Sipendekezi tumuulize mtu huyo kama anatupenda, kwa sababu hakuna atakayejibu kuwa hatupendi, na jibu lake halitatusaidia kitu. Napendekeza tupime mambo yanayohesabika: siku alizokuwepo, vikao alivyohudhuria, karatasi zilizolala mezani kwake, fedha za kampeni zilikotoka, na kiapo alichokula mbele ya nani. Mambo haya yanaweza kuangaliwa na mkulima wa karafuu, mwalimu wa skuli au muuza samaki wa diko la Wete, bila ya kuwa mwanasheria.

Tenganisha kwanza aina za safari

Mazungumzo ya barazani mara nyingi huzitia safari zote katika kapu moja, na matokeo yake mtu asiye na hatia hutukanwa ilhali mwenye hatia hupita. Kuna aina tatu, na kila moja ina swali lake.

Aina ya kwanza ni wadhifa wa nje unaotokana na kiti chenyewe. Bunge la Afrika, lenye makao yake Midrand nchini Afrika Kusini, hupokea wajumbe watano kutoka kila nchi mwanachama, nao huteuliwa na mabunge ya nchi zao. Lilipoanza mwaka 2004, Rais wake wa kwanza alikuwa Gertrude Mongella, ambaye wakati huo alikuwa Mbunge wa Ukerewe, na Ukerewe ni kisiwa chenye watu wanaotegemea vivuko kama sisi tunavyotegemea boti za Mkoani. Mwenye nyadhifa mbili za namna hii havunji sheria yoyote. Swali lake ni muda: kati ya siku za mwaka, ngapi ni za jimbo?

Tunao mfano wa karibu zaidi wa jambo hili. Baraza la Wawakilishi huchagua wajumbe wake watano kuingia katika Bunge la Jamhuri ya Muungano. Dodoma si ng'ambo, na mjadala wa Muungano una mahali pake, lakini watano hao wanatuonesha vizuri mzigo wa kuwa katika nyumba mbili. Mkutano wa bajeti wa Bunge huanza Aprili na kumalizika mwisho wa Juni, na Baraza nalo huketi Chukwani kwa bajeti yake ndani ya Mei na Juni. Hakuna mtu anayeweza kuwa Chukwani na Dodoma katika asubuhi moja, kwa hivyo ni haki ya mpigakura kujua mapema ni bajeti ipi ambayo mjumbe wake ataisimamia kwa mwili wake.

Aina ya pili ni nafasi ambayo haipatikani mpaka mtu aache aliyonayo. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki uliotiwa saini mwaka 1999 unasema, katika Ibara ya 50, kuwa kila nchi itakuwa na wajumbe tisa watakaochaguliwa na bunge la nchi hiyo, lakini wasiwe miongoni mwa wabunge wenyewe, wala wasiwe mawaziri. Ubalozi na vyeo vya Umoja wa Mataifa vina hali kama hiyo: Asha-Rose Migiro aliacha Wizara ya Mambo ya Nje mwaka 2007 alipoteuliwa kuwa Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Marehemu Dk. Faustine Ndugulile alikuwa Mbunge wa Kigamboni alipochaguliwa, Agosti 2024, kuwa Mkurugenzi wa Shirika la Afya Duniani Kanda ya Afrika, na Mwenyezi Mungu akamchukua Novemba mwaka huo huo kabla hajaanza kazi. Kwa watu wa aina hii muda si hoja tena. Swali ni lini ataondoka, na kazi zilizo mkononi ataziacha kwa nani.

Aina ya tatu ndiyo inayotatanisha zaidi, nayo ni ya mtu mwenye wajibu wa kuchaguliwa, au uraia, katika nchi nyengine. Wengi hawajui kwamba sheria ya Uingereza inamruhusu raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola, mwenye ruhusa ya kudumu ya kuishi huko na mwenye mafungamano na eneo husika, kugombea udiwani bila ya kuwa Muingereza. Kwa hivyo kijana wetu kutoka Micheweni anaweza kuwa diwani London akiwa na paspoti ya Tanzania mfukoni, na hakuna sheria yetu aliyoivunja. Lakini amekwisha kusaini tamko la kukubali wadhifa wa kuwatumikia watu wa mtaa wake kule, kwa kipindi ambacho aghalabu ni miaka minne, na watu hao wana nyumba zinazovuja, taka zisizozolewa na watoto wanaosubiri nafasi za skuli. Akija kwetu katikati ya kipindi hicho kutafuta jimbo, lazima aulizwe kama waliomchagua kule wanajua alipo.

Wako wanaoona kuwa hilo halituhusu, maana watu wa London wajitetee wenyewe. Siafikiani nao. Mama anayesubiri diwani wake aje kumtazamia nyumba inayovuja huko ughaibuni yuko sawa sawa na mama wa Konde anayesubiri kisima. Tena kwa faida yetu wenyewe, namna mtu anavyowatendea wapigakura wa leo ndiyo taarifa ya kuaminika zaidi tuliyonayo ya namna atakavyotutendea sisi kesho, wakati ambapo yeye atakuwa Chukwani na macho yake yamehamia mahali pa tatu.

Uliza sheria, usiulize nasaba

Hapa naomba msomaji awe na subira, kwa sababu ndipo watu wetu wanapokosea vibaya, na mimi mwenyewe nimeshuhudia majirani waliozikana pamoja wakinuniana kwa jambo hili.

Sheria yenyewe ni fupi. Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, Ibara ya 67, inamzuia kuwa mbunge mtu aliyechukua kwa hiari yake uraia wa nchi nyengine. Katiba ya Zanzibar ya 1984 inataka mjumbe wa Baraza awe Mzanzibari. Kenya, ambayo inaruhusu uraia pacha kwa wananchi wake wa kawaida, imeweka katika Ibara ya 78 ya Katiba ya 2010 kwamba ofisa wa dola asiwe na uraia wa nchi mbili. Mohamed Abdullahi Farmaajo alipochaguliwa kuwa Rais wa Somalia mwaka 2017 alikuwa pia raia wa Marekani, na akauacha uraia huo mwaka 2019 akiwa madarakani.

Uraia pia unaweza kumfuata mtu bila ya yeye kuuomba. Mwaka 2017 wanasiasa kadhaa wa Australia walipoteza viti kwa sababu Katiba yao, kifungu cha 44, inamkataza raia wa nchi nyengine kuwa mbunge. Mmoja wao alikuwa Naibu Waziri Mkuu, Barnaby Joyce, ambaye baba yake alizaliwa New Zealand, na kwa sababu hiyo sheria za huko zilimhesabu mwanawe kuwa raia. Aliukana uraia huo, akagombea upya na akashinda ndani ya mwaka ule ule. Kwa visiwa ambavyo kila ukoo una tawi Muscat, Dubai, Mombasa, Moroni au Toronto, mgombea makini ataitafutia majibu hali yake mapema, kwa maandishi, kabla ya kuchukua fomu.

Swali la halali, basi, ni moja: je, una uraia au hati ya ukaazi wa kudumu wa nchi nyengine, na kama unayo, utafanya nini nayo? Hapo swali linakoma. Kumuuliza mtu babu yake alishuka na jahazi gani, au kwa nini jina lake lina ubini wa Kiarabu, wa Kihindi au wa Kingazija, au kwa nini dada zake wameolewa Oman, si kupima uaminifu. Huko ni kufungua vidonda ambavyo visiwa hivi vimevilipia kwa damu. Mtu ambaye nduguye anamletea fedha ya ada kutoka Muscat si msaliti, na mtu ambaye hajawahi kuvuka bahari hata mara moja anaweza kuliacha jimbo lake likiwa yatima ilhali anaishi mtaa wa pili. Atakayekuja katika kikao chenu na hoja ya nasaba, mwenyekiti amsimamishe hapo hapo, kwa upole lakini bila ya kusita, kwa sababu kikao kikishaelekea huko hakirudi tena katika vikao, saini na fedha.

Weka daftari

Nieleze kwa nini nalisisitiza daftari. Miaka kadhaa nyuma mota ya pampu ya kisima chetu, kaskazini ya Wete, iliungua. Kamati ya maji, ambayo mimi nilikuwa katibu wake, iliandika ombi la fedha za mfuko wa jimbo, na ombi likahitaji saini ya kiongozi wetu wa kuchaguliwa wa wakati huo. Kiongozi huyo alikuwa safarini. Aliporudi alikaa siku nne, akasafiri tena, na baadaye tena. Alikuwa anatafuta nafasi nje ya nchi, jambo ambalo sote tulilijua kwa tetesi na hakuna aliyethubutu kulitamka mbele yake. Wanawake walikwenda kuchota ng'ambo ya bonde la mpunga, na wenye uwezo walilipia gari la ng'ombe lililobeba madumu ya lita 20 kutoka shehia ya jirani. Saini ilipatikana baada ya mvua za vuli kupita. Tulipomkabili hatimaye, alisema kwa utulivu kuwa hakuwa amekosekana kwa muda mrefu, na sisi, watu wazima tuliojaa ukumbi wa skuli, hatukuwa na hata tarehe moja ya kumuonesha. Kila mmoja alikuwa na hasira na hakuna aliyekuwa na kumbukumbu.

Siku ya pili nilinunua daftari la skuli la mistari, lenye jalada la buluu, na nikalichora safu sita kwa rula: tarehe, jambo lenyewe, kama alikuwepo, nani alimwakilisha, aliahidi nini, na ahadi iliishia wapi. Safu ya mwisho huachwa wazi mpaka jambo limalizike. Kwa mfano, mstari mmoja unasema: tarehe 14 Machi, kikao cha maji, hakuwepo, alituma ujumbe wa sauti, aliahidi kuzungumza na wahusika, safu ya mwisho tupu. Mistari mitatu kama hiyo ikifuatana, hakuna haja ya mtu kupaza sauti.

Jambo moja limenichukua muda kulijua, nalo ni kutenganisha kurasa za vikao na kurasa za misiba na harusi. Kwa mila zetu, kiongozi anayebeba jeneza na kula pilau ya harusi pamoja nasi huonekana kuwa karibu mno, na hakika kuja kwake ni wema na malipo yake kwa Mungu. Lakini mtu anaweza kufika katika maziko kumi kwa mwaka, akapigwa picha katika yote, na asifike katika kikao hata kimoja cha bajeti ya halmashauri. Ukizichanganya kurasa, maziko yataficha vikao. Vivyo hivyo usiandike "alikuwepo" kwa aliyetuma salamu kwa simu. Andika "alituma salamu", maana ndicho alichofanya.

Daftari liwe la haki. Anaposafiri, andika pia alichosema anakwenda kukitafuta na alichorudi nacho. Zipo safari zinazoleta vitanda vya hospitali, nafasi za masomo na wafadhili wa visima, na kiongozi aliyezileta anastahili mstari wake uandikwe kwa wino ule ule. Kwa mjumbe wa Baraza au mbunge, ongeza kazi ya kusoma taarifa rasmi za mijadala, yaani hansadi, ili kuona aliuliza nini na lini. Mara nyingi hapo ndipo unapogundua kuwa mtu mnayemdhania amelala amekuwa akiuliza kuhusu barabara yenu kila mkutano, au kwamba maswali yake yote ya mwaka mzima yalikuwa ya mambo ya nchi za nje. Mambo ya nje na uraia ni mambo ya Muungano, na Zanzibar ililazimika kujitoa katika Jumuiya ya Nchi za Kiislamu mwaka 1993 kwa sababu hiyo hiyo. Mjumbe wa Baraza anayetumia muda wake mwingi kwa diplomasia ana deni la kueleza anaifanya kwa mamlaka gani na kwa faida ya nani.

Andaa kikao cha kumuuliza

Wakati bora ni kabla ya kura za maoni za chama chake, kwa sababu baada ya jina lake kupita, mnabaki na la kukubali au kukataa tu. Wasiende watu wengi. Wanne au watano wanatosha, awemo mzee anayeheshimiwa, mwanamke anayejua shida ya maji na kituo cha afya kwa kuipitia, na kijana anayeweza kuandika haraka, na wasiwe wote wa chama kimoja. Sheha aarifiwe kwa heshima, lakini nisingependa awe mwandishi wa kikao, kwa sababu yeye ni mteuliwa wa serikali na si vyema kumtia katika mizani ya wanasiasa. Baada ya sala ya alasiri, nyumbani kwake au barazani kwa mzee, ni mahali na wakati wa kufaa. Msiende na kamera.

Mzee aanze, na maneno yawe ya watu waliokuja kwa kheri. Kwa mfano:

"Assalaamu alaykum, Mheshimiwa. Mwanangu, tumekuja kwa kheri. Tumesikia, na wewe hujakanusha, kuwa unatafuta nafasi Arusha. Hatukuja kukuzuia, riziki ya mtu haizuiliwi. Tunaomba utwambie mambo mawili: ukiipata, kiti hichi utakiacha lini, na mradi wa maji utaukabidhi kwa nani?"

Akijibu kuwa hayo anayajua Mwenyezi Mungu, mzee asikasirike. Aseme: "Ni kweli, mwanangu, na sisi tunamtegemea Yeye huyo huyo. Lakini siku ya kufunga maombi imewekwa na binaadamu, na wewe unaijua. Hiyo ndiyo tunayoiomba."

Kwa anayetoka ughaibuni, swali liwe la namna hii: "Kijana wetu, kipindi chako cha udiwani huko kinamalizika lini? Wapigakura wako huko umekwisha kuwaambia kuwa unagombea huku? Utajiuzulu kabla ya kuchukua fomu, au baada ya kushinda?" Jibu la swali la mwisho lisikilizwe kwa makini. Anayesema atajiuzulu akishinda anawaambia kuwa nyinyi ni kamari, na kiti cha kule ni akiba yake. Anna Tibaijuka aliyeongoza Shirika la Makaazi la Umoja wa Mataifa jijini Nairobi aliondoka huko mwaka 2010, na mwaka huo huo akagombea na kushinda ubunge wa Muleba Kusini. Njia hiyo inawezekana, na yuko aliyekwisha kuipita.

Yote yaliyosemwa yaandikwe katika karatasi moja, kwa lugha nyepesi, nakala tatu, na kila upande uweke saini kuwa ndiyo kumbukumbu ya mazungumzo. Msiiite mkataba, kwa kuwa haina nguvu mahkamani na neno hilo litamtisha mtu muungwana bila ya sababu. Nguvu ya karatasi hiyo iko katika kusomwa tena, baada ya miezi kumi na mbili, mbele ya watu wale wale.

Katika karatasi hiyo nashauri musikose mambo matatu. Moja ni idadi ya siku kwa mwezi atakazokuwa jimboni, iandikwe kwa tarakimu. Jengine ni jina la mtu atakayepokea barua anapokuwa safarini, na muda ambao barua itajibiwa. Kwa uzoefu wetu wa pampu, hili ndilo lenye kuokoa watu zaidi kuliko mengine yote, kwani wananchi wengi hawadai uso wa kiongozi, wanadai saini. La mwisho ni kwamba akichukua hatua rasmi ya kutafuta nafasi ya nje, yaani kujaza fomu au kukubali kupendekezwa, atawaarifu wapigakura wake mwenyewe kabla hawajaisoma kwengine.

Fedha

Hapa sitakaa sana, kwa sababu sheria zipo na kazi ya mwananchi ni kuuliza kama zimefuatwa. Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010 inamtaka mgombea aeleze fedha alizonazo na anazotarajia kupata kwa kampeni, na Zanzibar ina Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 2015, yenye tume yake, inayomtaka kiongozi atangaze mali na madeni. Muulizeni mgombea kama michango ya jumuiya za ughaibuni imo katika maelezo hayo. Ndugu zetu wa nje wana haki ya kuchangia maendeleo ya kwao, na misikiti, madrasa na vituo vya afya vingi vimesimama kwa jasho lao. Lakini anayelipia mabango na magari ya kampeni ana matarajio, hata akiwa mjomba, na ni vyema matarajio hayo yajulikane yakiwa bado machanga.

Akiondoka, au asiposikia

Katiba zetu hazimpi mpigakura uwezo wa kumrejesha nyumbani mwakilishi kabla ya muda wake. Kenya wanao, katika Ibara ya 104 ya Katiba yao, ingawa njia yake ni ndefu. Sisi tuna mlango mwembamba zaidi: Katiba ya Jamhuri ya Muungano, Ibara ya 71, inamuondolea kiti mbunge aliyekosa mikutano mitatu ya Bunge mfululizo bila ya ruhusa ya Spika. Neno lenye uzito hapo ni ruhusa, kwani anayesafiri kwa kibali hawezi kuguswa na kifungu hicho hata jimbo likimkosa mwaka mzima. Huko Uingereza diwani asiyehudhuria kikao chochote kwa miezi sita hupoteza kiti isipokuwa baraza lake limeikubali sababu. Nikitazama mikutano ya Bunge ilivyoachana kwa miezi kati yake, naona kipimo chetu ni cha kulegea mno, na ni jambo la kudai katika mabadiliko yoyote ya sheria yatakayokuja.

Kwa hivyo njia za kweli ni chama, maandishi na kura. Barua kwa ofisi ya chama ya jimbo, ikiambatishwa kurasa za daftari na nakala ya karatasi ya mazungumzo, husomwa kwa namna tofauti kabisa na malalamiko ya mdomo. Pingamizi rasmi dhidi ya mgombea lina muda mfupi sana baada ya uteuzi, na aghalabu huwekwa na mgombea mwenzake au mamlaka husika, kwa hivyo mwenye ushahidi wa suala la uraia aupeleke mapema kwa wanaoweza kuutumia, wala asiusambaze mitaani.

Akiwa ameamua kuondoka kwa heshima, mpigieni hesabu ya kalenda. Kiti cha ubunge kikibaki wazi, hufanywa uchaguzi mdogo, lakini Katiba, Ibara ya 76, haitaki uchaguzi huo katika miezi kumi na mbili ya mwisho kabla ya Bunge kuvunjwa. Mbunge anayeondoka katika mwaka wa mwisho anaacha jimbo bila ya mtu hadi uchaguzi mkuu. Mwenye kuwajali watu wake ataondoka kabla ya hapo au atasubiri amalize, na kwa vyovyote atakabidhi mafaili: orodha ya maombi yaliyokwama, majina ya maofisa aliokuwa akizungumza nao, na barua zote ambazo hazijajibiwa. Makabidhiano hayo yafanyike mbele ya wale wanne au watano waliokwenda kwake baada ya alasiri, na kijana aliyeandika siku ile aandike tena.

Siku ya uchaguzi Mzanzibari hupewa karatasi tano za kura: Rais wa Muungano, Rais wa Zanzibar, mbunge, mwakilishi na diwani. Daftari liwe na sehemu kwa kila mmoja wa hao watatu wa mwisho, na likae kwa mtu asiye na cheo katika chama chochote. La kwetu liko kwa mwalimu mstaafu, katika saduku moja na vitabu vyake, na limefika daftari la tatu. Ukurasa wa pampu bado umo, na safu yake ya mwisho imejazwa kwa tarehe ambayo maji yalitoka.